Asilimia nane za sista

Wiki hii tumehamia Shangani, hapa Mtwara mjini, mkataba wangu kazini umeongezwa, na kitinda mimba wetu amepita usaili aliokuwa anauogopa. Hayo nitayasimulia siku nyingine inshallah. Leo nina neno moja limenikaa kooni tangu Jumanne, na halitaki kuteremka.

Ile wodi ya wazazi mnaikumbuka, ile niliyowawekea picha tukiwa tunapaua, kule juu uwandani njia ya Newala. Jumanne nilipanda kwenda kufunga taarifa ya robo mwaka. Nikapima kama ninavyopima siku zote: msingi, boma, mkanda wa zege unaofunga kuta juu, kenchi na bati, lipu, sakafu. Kila kazi ina uzito wake kulingana na fedha iliyotengewa kwenye makadirio. Unaangalia iliyokamilika na iliyofika nusu, unajumlisha, unapata asilimia ya utekelezaji. Ikatoka 92. Na fedha iliyotumika haijaizidi kazi iliyofanyika, jambo ambalo si dogo kwa mradi wa mafundi wa kijijini na kamati zake za manunuzi na mapokezi. Nikaisoma mbele ya kamati ya ujenzi, mwenyekiti akapiga makofi, wengine wakafuata.

Sista mkunga alikuwa amekaa kwenye tofali karibu na mlango. Mtu mzima, anakaribia kustaafu, amezalisha nusu ya watu waliokuwa wanapiga makofi. Huniita injinia kama wanavyoniita wote pale, ingawa mimi ni mkadiriaji majenzi, mtu wa kupima kazi na gharama zake.

"Injinia, hizo nane zilizobaki ni zipi?"

Nikamtajia: mabomba na masinki, tangi la kuvunia maji ya mvua, shimo la kutupia kondo la nyuma, milango ya ndani, umeme, dari na rangi ya nje.

"Ahaa." Akanyamaza kidogo. "Basi mwanangu, mimi nazalishia kwenye hizo nane. Hizo tisini na mbili ni zenu."

Nikamwambia, "Sista, hesabu iko sahihi."

"Najua iko sahihi. Ndiyo maana nikakuuliza wewe."

Hakusema kwa ukali. Angenikaripia ningelala vizuri. Kwenye gari nikiteremka nilikuwa naisikia ile "ni zenu". Zenu akina nani? Sisi wa ofisini? Sisi tunaokuja na kurudi mjini? Usiku naosha sahani kwenye beseni naisikia tena. Na ile "ndiyo maana nikakuuliza wewe" ndiyo inayouma zaidi, kwa sababu ndani yake mna imani. Angekuwa ananiona mbabaishaji asingejisumbua kuuliza.

Nimejaribu kumjibu kichwani, na majibu ninayo. Fedha ni kipimo kinachoweza kukaguliwa. Simenti na nondo ndizo zinazomeza bajeti, basi msingi na boma lazima ziwe na uzito. Koki ya maji ni bei ndogo, hivyo kwenye hesabu yangu ina uzito mdogo, na hapo ndipo jibu langu linapokwama kila mara. Kwenye hesabu, koki ni kitu kidogo sana. Kwa mama anayetokwa damu saa tisa usiku, koki ndiyo wodi yenyewe.

Halafu maji ya kule mnayajua. Uwanda wa Makonde hauna mto wala kisima cha kuchimba kwa jembe. Maji yanasukumwa kwa pampu kutoka bondeni, na pampu ikilala watu wanategemea matangi ya mvua waliyochimba uani. Tulipomwaga mkanda wa lile jengo nilisimama kidete zege limwagiliwe siku saba, maana lisiponyeshewa linakauka kabla ya kukomaa na linapata nyufa. Tukanunua maji ya boza, kamati ikanung'unika, nikashikilia. Na leo pia ningeshikilia. Lakini sista aliyaona yale maboza yakipanda kilima, akaona maji yakimwagiwa ukuta, na ndoo yake ya kunawia bado inakuja kichwani kwa mtu.

Uingereza, baada ya ripoti ya jopo la John Egan kuhusu sekta ya ujenzi ya mwaka 1998, walianza kupima miradi ya ujenzi kwa mambo mengi zaidi ya muda na gharama: kasoro, ajali, tija, hadi mteja ameridhika kiasi gani. Tulifundishwa hayo chuoni nikayapenda. Swali ambalo hakuna aliyetuuliza darasani ni mteja ni nani. Kwenye nyaraka zangu mteja ni yule anayesaini hati. Sista hasaini popote.

Marehemu babu alikuwa kibarua Nachingwea kwenye ule mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947. Alikuwa akitueleza jinsi walivyohesabiwa ekari zilizong'olewa visiki, kila jioni ekari, ekari. Mwaka 1951 mpango ukafungwa, pauni milioni 36 na zaidi zimekwenda, na karanga zilizopatikana ni za aibu. Sisemi wodi yetu ni hivyo. Wodi yetu ni nzuri, kuta zimenyooka, nimeigusa kwa mikono yangu. Lakini tangu Jumanne babu ananijia sana.

Alhamisi nikampigia sista. Nilidhani ataniona msumbufu. Nikamwomba anitajie kwa mpangilio wake: kipi kikiwepo anaweza kupokea mama wa kwanza? Akacheka, akasema ngoja nikae vizuri. Maji kwanza. Taa ya chumba cha kuzalishia, hiyo moja tu, nyingine zisubiri. Shimo la kondo. Mlango wa chumba kile, "maana mwanamke hazai barabarani". Dari na rangi ya nje hakuzitaja kabisa! Kumbe kwenye ratiba yetu rangi ya nje ilikuwa inatangulia tangi, kwa sababu fundi rangi yupo tayari na ugeni unatarajiwa. Nikamweleza mkuu wangu wa kazi. Akasema mfumo wa taarifa hauna sehemu ya kuandika mambo hayo, weka kwenye maoni. Nimeweka kwenye maoni, kwa mistari minne, chini ya ile 92. Na rangi ya nje imesogezwa nyuma, fundi bomba anaanza Jumatatu. Nilipomwambia sista alisema "haya mwanangu" basi, akakata simu, na mimi nikabaki nacheka peke yangu jikoni kati ya maboksi ya kuhama.

Sasa ninachowaza ni kaka yenu wa Tandahimba. Msimu wa kupuliza salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, umeshika, na mama anasema anaingia mkorosho kwa mkorosho na kitambaa tu puani, usiku anakohoa mpaka majirani wanamsikia. Simu hapokei, anajua nitamsema. Mwenye kujua duka la Masasi au Newala linalouza barakoa zenye chujio, zile za kweli, aniandikie bei.