Agosti ya Tohara

Mwaka 2024 ulikuwa mwaka wa tohara kwa Wabukusu wa magharibi mwa Kenya, ambao hutahiri Agosti ya miaka shufwa. Miezi michache kabla, wazazi walioachana walifika katika ofisi yetu ya upatanishi Bungoma wakivutana juu ya mtoto wao wa kiume wa gredi ya sita. Ndoa yao ilikuwa ya kimila, haikusajiliwa popote. Mama alikuwa amerudi kwao Webuye na watoto wawili.

Baba alitaka mvulana atahiriwe boma la baba yake na abaki huko. Mjomba upande wa mama akasema hatoki mtu mpaka ng'ombe wanne wa mahari waliobaki walipwe.

Hapo ndipo mashauri mengi ya aina hii hukwama: ng'ombe na mtoto huwekwa kwenye mizani moja. Tuliwatenganisha. Mahari tuliwaachia wazee wa koo zote mbili pamoja na mzee wa mtaa. Kuhusu mtoto tuliwasomea Kifungu cha 53 cha Katiba: baba na mama wana wajibu sawa, wawe wameoana au la. Hakuna mzazi anayepoteza au kupata mtoto kwa sababu ya mifugo.

Wazazi tuliwasikiliza mmoja mmoja, kisha mvulana peke yake. Mtoto haulizwi anampenda nani zaidi. Swali hilo humuumiza, na jibu lake mara nyingi ni la kufundishwa. Tulimuuliza nani humwamsha asubuhi, akiugua nani humpeleka hospitali, analala na nani chumbani. Alisema anataka kutahiriwa na rika lake kwa baba, kisha arudi kufanya KPSEA, mtihani wa kitaifa wa gredi ya sita, na wenzake wa Webuye.

Aliyefungua njia ni mzee mmoja wa ukoo wa baba. Alimgeukia mjomba: "Shemeji, kijana huyu asipokuja kwako kuvishwa nyama shingoni, tutamtahiri vipi?" Kwa desturi, mjomba wa upande wa mama ndiye humvisha mvulana nyama hiyo kabla ya kutahiriwa. Mjomba alinyamaza, halafu akauliza tarehe. Mila ile ile waliyokuwa wakiivutia kila mtu kwake inahitaji pande zote mbili, na mimi naamini msuluhishi asiyeijua angewapeleka mahakamani bila sababu.

Kuandika makubaliano kulichukua muda mrefu kuliko kuzozana. Baba alitaka iandikwe "atasaidia matumizi". Tulikataa: neno "atasaidia" halidaiwi. Tukaandika kiasi, tarehe tano ya kila mwezi, kwa M-Pesa ya mama ili rekodi ibaki. Karo na sare, baba; chakula na kliniki ya binti mdogo, mama. Mvulana angekwenda kwa baba shule zikifungwa, atahiriwe na mhudumu wa afya, mama aruhusiwe kumwona akiuguza kidonda, na arudi kabla ya muhula wa tatu. Tuliongeza atakayemsafirisha na atakayelipa nauli, maana "atarudishwa" bila jina la mtu huwa chanzo cha ugomvi mwingine.

Wazazi walitia sahihi mbele ya mashahidi wa kila upande. Nakala moja ilipelekwa Mahakama ya Watoto ithibitishwe iwe amri, kwa kuwa ofisi yetu hupatanisha tu, haina uwezo wa kumlazimisha mtu.

Mvulana alirudi Webuye shule zikikaribia kufunguliwa, na kadi yake ya hospitali mkononi. Shauri la ng'ombe wanne lilikuwa bado kwa wazee.