Maswali Matatu ya Baba Niliyoyapeleka Hamburg

Baba yangu aliendesha treni za mizigo kati ya Tanga na Moshi mpaka alipostaafu. Kwa hiyo kazi yangu ya kuonja kahawa iliponipeleka Hamburg, mji wa bandari wa Ujerumani, kwa wiki mbili, jioni ya kwanza nilimpigia simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umefika salama? Sasa mama, huko bandarini kuna treni?"

Nikamwambia wenyeji wangu wamenisimulia jengo lenye treni zaidi ya elfu moja, zote ndogo za kushika mkononi, na watu wanatoka duniani kote kulipa kiingilio kuzitazama. Akakaa kimya kidogo. "Basi nenda. Uniangalizie mambo matatu: reli zina upana gani kutoka chuma hadi chuma, nani anampisha nani, na behewa likiacha njia nani analirudisha."

Jengo lenyewe linaitwa Miniatur Wunderland. Liko Speicherstadt, mtaa wa maghala ya matofali mekundu yaliyoanza kujengwa mwaka 1883 kando ya mifereji. Mimi mtu wa Moshi nilisimama pale mlangoni nikiwaza kwamba ndani ya maghala kama haya ndimo zilimolundikwa kahawa, chai na viungo kutoka nchi za mbali. Gunia la kahawa ya mlimani kwetu lilipandishwa treni stesheni ya Moshi, likashuka hadi Tanga, likaingia melini kuja bandari kama hizi. Sikutegemea kukuta reli tena upande huu wa safari.

Siku ya kwanza sikuingia. Nilifika saa nane mchana bila kukata tiketi, foleni ilikuwa ndefu, nikarudi zangu. Usiku nikakata tiketi kwenye intaneti. Kila tiketi ina saa yake ya kuingia. Nikachagua asubuhi kabisa, siku ya katikati ya wiki. Ukienda, fanya hivyo hivyo, maana watu wakijaa utatazama migongo tu.

Hata hivyo saa nzima ya mwanzo niliipoteza. Nilikimbia na simu mkononi nikirekodi kila kitu, maana ukumbi umegawanywa kwa mifano midogo ya nchi na miji: Marekani, Skandinavia yenye maji ya kweli na meli zinazoelea, Italia, halafu uwanja wa ndege uliozinduliwa mwaka 2011, ambako ndege ndogo hukimbia na kupaa mbele ya macho yako. Ni vizuri mno, lakini nilijikuta sioni chochote. Nikatafuta pa kukaa, nikayakumbuka maswali ya baba.

La upana nililipata kwenye sehemu ya Uswisi. Karibu vyote mle vimepunguzwa mara 87, yaani mtu mrefu wa sentimita 174 anabaki na sentimita 2. Reli za kawaida za Ulaya, zenye upana wa milimita 1,435, zinakuwa milimita 16.5. Lakini kwenye milima ya Uswisi kuna treni nyekundu zinazopita juu ya madaraja ya mawe yaliyopinda, na reli zake ni nyembamba kuliko za jirani. Hizo ni milimita 12, kwa sababu treni halisi wanazoziiga hukimbia kwenye reli za mita moja. Mita moja ndiyo reli yetu, ile iliyofika Moshi mwaka 1911 na Arusha mwaka 1929! Nilisimama pale nikitetemeka kwa furaha, mgeni mmoja akaniuliza kama niko salama. Juu ya treni hizo umesimama mfano wa mlima Matterhorn wenye kimo cha karibu mita 6, unaotoboa ghorofa mbili, ingawa huo umefupishwa zaidi ya mara 87. Nikapiga hesabu: Kilimanjaro ukipunguzwa mara 87 kamili ungekuwa na karibu mita 68.

Kuhusu kupishana, kuna chumba cha waongozaji ambacho wageni wanakiona, kimejaa skrini. Kompyuta ndiyo inayoendesha treni, ila kanuni ni ya zamani: njia imekatwa vipande, na kipande kikiwa na treni, ya nyuma inasimama isubiri. Baba alikuwa akisema dereva haondoki stesheni mpaka apewe kibali kwamba njia ya mbele ni tupu. Ni jambo lile lile. Magari ya barabarani nayo yanatembea yenyewe, yakifuata waya uliofichwa chini ya lami kwa sumaku.

Kisha usiku ukaingia. Kila baada ya dakika 15 hivi taa za ukumbi hufifia, na miji yote inawasha taa zake, dirisha kwa dirisha, mpaka ndani ya mabehewa. Watoto waliokuwa wakipiga kelele wakanyamaza. Niliuona usiku huo mara nyingi siku ile, na sikuuchoka, kwa sababu kila mara nilichagua kijiji kimoja tu cha kutazama.

Swali la tatu nililisubiri kuliko yote. Nilikuwa ndani kwa karibu saa tano behewa la mizigo lilipoacha njia kwenye kona. Treni ikasimama, na iliyokuwa nyuma yake ikasimama pia. Dakika chache baadaye kipande cha mlima kikainuka, akatokeza kijana kutoka chini ya meza, kichwa na mabega tu, kama jitu katikati ya miti. Akalishika behewa kwa vidole viwili, akaliweka relini, akalisukuma kidogo kuona magurudumu yamekaa sawa, ndipo akazama tena. Sikurekodi. Nilitaka kuona kwa macho yangu.

Niliporudi Moshi nilimkuta baba barazani. Nikamweleza yote kwa mpangilio wake mwenyewe. Kuhusu kibali cha njia alitikisa kichwa tu, kwake hilo halikuwa jipya. Nilipofika kwa yule kijana wa chini ya mlima, alinikatiza.

"Alisukuma kwanza kabla hajaondoka?"

"Alisukuma, baba."

"Huyo anaijua kazi."

Akaomba rula ya mjukuu wake na kiberiti. Akapanga njiti mbili mezani, akazisogeza taratibu mpaka nafasi kati yake ikawa milimita 12, akainama kuzitazama kwa jicho moja, kama mtu anayetazama njia iliyonyooka mbele ya kichwa cha treni. Halafu akaniambia nimwonyeshe tena ile video ya usiku, na safari hii nisimwongeleshe.