Siku moja maishani mwangu: Alhamisi ya daktari wa mifugo Serengeti

Saa 11:00 alfajiri nilikuwa machinjioni, buti za mpira miguuni na kisu mkononi, kwa maana wachinjaji hawamsubiri mtu, na nyama isiyopigwa mhuri haipaswi kufika buchani. Ng'ombe wa tatu alikuwa amenona, lakini nilipopasua mapafu yake nilikuta vifuko vya maji, kimoja kikubwa kama yai la kuku. Hivyo huletwa na tegu mdogo anayeishi utumboni mwa mbwa: mbwa akila pafu la namna hiyo, baadaye mayai ya tegu hutoka na kinyesi chake, na mtoto anayecheza naye akiyameza huweza kuota vifuko hivyohivyo katika ini lake. Nyama niliipitisha, mapafu yalitupwa shimoni nikiwa nimesimama palepale, huku kijana mmoja akinung'unika kwamba ninawanyima mbwa riziki yao.

Saa 2:30 asubuhi nilifunga kasha la chanjo nyuma ya pikipiki baada ya kuhakikisha kipimajoto kiko kati ya nyuzi 2 na 8.

Saa 4:00 tulianza kuchanja kichaa cha mbwa karibu na shule. Walioleta mbwa ni watoto, kama kawaida, wakiwavuta kwa kamba za katani. Tukichanja mbwa 7 katika kila 10, virusi hukosa njia ya kupita. Ila vitoto vya mbwa huachwa nyumbani kwa kudhaniwa bado ni vidogo, na hapo ndipo hesabu yetu inapoharibika.

Saa 8:00 mchana mwenyekiti wa kitongoji alipiga simu: mtoto wa miaka tisa ameumwa mguuni na mbwa asiyefahamika, na wananchi wamekwisha kumuua mbwa huyo. Nilikuta kidonda kimepakwa majani yaliyotwangwa. Nilimwomba mama yake sabuni, tukakiosha kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15 za saa, kwa sababu ugonjwa huu dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Mama na mtoto waliondoka kwenda kupata chanjo, nami nikavaa glavu, nikapitisha mrija katika tundu la nyuma ya fuvu la mbwa na kuvuta kipande cha ubongo. (Mimi nilikwisha kuchanjwa, bila hivyo nisingemgusa.) Kipimo cha haraka kilionyesha mistari miwili, yaani mbwa alikuwa na kichaa.

Jioni nilimpigia muuguzi kumpa majibu hayo, naye akathibitisha kwamba mtoto amepata sindano ya kwanza. Ya pili ni siku ya 3 baada ya hiyo, ambayo ni Jumapili, na kituo kimoja kiliwahi kumrudisha mgonjwa wangu nyumbani kwa sababu ya mapumziko. Nikaomba namba ya simu ya muuguzi wa zamu ya Jumapili.