Dawa mseto inahitaji mafuta

Ndugu zangu wa Dodoma, mvua zikishika na madimbwi yakijaa, malaria huwa haiko mbali. Tusemezane kuhusu dawa mseto, ile ALu.

Mtu mzima mwenye kilo 35 na zaidi humeza vidonge 4 kila mara, mara 6, jumla 24. Wengi hukosea dozi ya pili. Inafuata baada ya saa 8, siyo 12: ukianza saa mbili asubuhi, ya pili ni saa kumi jioni. Siku ya pili na ya tatu ni saa mbili asubuhi na saa mbili usiku.

Jambo linalosahaulika kabisa ni chakula. Lumefantrini, sehemu moja ya dawa hii, hufyonzwa vizuri penye mafuta. Ukimeza kwa maji matupu, nyingi inapita bure. Hapa kwetu tiba iko jikoni: ugali wa uwele na mlenda uliotiwa karanga za kutwanga. Mgonjwa asiyetaka kula, mpeni hata kikombe cha maziwa.

Akitapika ndani ya saa moja, arudie dozi, kisha aombe vidonge vya kufidia kituoni. Kichwa kuuma, kizunguzungu na kukosa hamu ya kula hutokea na hupita. Uso ukivimba, pumzi ikibana au akipata degedege, hospitali saa hiyohiyo. Mwenye ugonjwa wa moyo amwambie mfamasia kabla ya kumeza.

Na tafadhali, homa ikishuka siku ya pili msimwekee jirani vidonge vilivyobaki. Vimelea bado vimo.