Kibali cha ujenzi Dar: anza na kiwanja, ramani ifuate

Wengi wanaojenga Goba, Chanika au Kigamboni hulipia ramani ya nyumba kwanza, kibali wakakikumbuka baadaye. Fedha hupotea hapo, maana maombi hukwama kwenye ardhi hata kabla mhandisi hajauliza habari ya nondo.

Mchukue mpima aliyesajiliwa, mkayatafute mawe ya mipaka na kulinganisha namba zake na ramani ya upimaji. Mengine hufukiwa na kifusi, mengine hung'olewa na katapila. Usipime kwa kufuata ukuta wa jirani. Huenda yeye ndiye aliyekosea, nawe ukarithi kosa lake.

Kisha soma hati neno kwa neno. Ikiwa bado ina jina la marehemu, shughulikia mirathi na uhamisho kwanza. Ikiandika makazi nawe unataka fremu za maduka, omba mabadiliko ya matumizi kabla hujachora chochote. Karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa inaonyesha nani kamuuzia nani, basi. Haikigeuzi kipande cha shamba kuwa kiwanja kilichopimwa. Kwa kipande kama hicho, ulizia manispaa kuhusu urasimishaji, yaani kupimiwa na kutambuliwa rasmi.

Angalia pia mito na barabara. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ufukwe wa bahari na kingo za mto. Kwa barabara kuu, waulize TANROADS wenyewe, wakala wa barabara wa serikali, upana wa hifadhi ya barabara mahali ulipo, kwa kuwa haulingani kila sehemu: mwaka 2017 nyumba nyingi kuanzia Kimara hadi Kiluvya zilibomolewa kupisha hifadhi ya Barabara ya Morogoro.

Sasa mwite mchoraji. Ramani ya kununua mtandaoni haijui kiwanja chako. Kinachotazamwa sana ni mchoro wa eneo: umbali wa jengo kutoka kila mpaka, njia ya kuingilia, karo la maji taka na shimo lake. Karo likisahaulika, michoro hurudi. Ongeza mpangilio wa vyumba, sura za nje, mkato (jengo likionekana kama limekatwa wima), msingi na paa. Kwa ghorofa, weka michoro ya mihimili yenye muhuri wa mhandisi aliyesajiliwa, na upimaji wa udongo.

Maombi hupitia Tausi, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri, na malipo ni kwa namba ya malipo ya serikali. Anayetaka umpe mkononi, mkatalie.

Kibali kikitoka, nakala ikae saiti. Mwite mkaguzi wa halmashauri nondo zikiwa bado zinaonekana. Zege likishamwagwa, hana cha kukagua. Na usiongeze ghorofa kwa maneno ya fundi. Msingi na nguzo hupigiwa hesabu kwa uzito uliomo kwenye michoro, kwa hiyo hata ghorofa moja ya ziada inadai mhandisi apige hesabu upya na michoro mipya ipitishwe kabla ya kununua tofali.