Uzi Uliochomwa Horombo

Moshi mjini kila kitu cha kupandia Mlima Kilimanjaro kina bei mbili, ya mzungu na ya mwenyeji, na Mtanzania anayeshuka kwenye basi la Dar es Salaam anawekwa katikati. Koti nililikodi. Mfuko wa kulalia nikaukodi pia, ukiwa bado na harufu ya miguu ya watu wa mabara yote. Kilichobaki ni fulana ya ndani, na hapo kiongozi wetu alishatuonya kwa simu zaidi ya mara moja: pamba marufuku. Pamba ikishalowa jasho haikauki upesi, na ukisimama kuvuta pumzi upepo unaukuta mwili umevikwa maji. Chukueni poliesta au sufu ya kondoo wa merino, alisema, na mwenye hela achukue merino.

Basi nikaingia kwenye duka moja la vifaa. Fulana nyeusi, mikono mirefu, shingoni lebo yenye kichwa cha kondoo dume wa pembe zilizojikunja. Shilingi elfu tisini! Suruali nzuri ya ofisini napata kwa chini ya hapo. Muuzaji akaanza somo: kondoo wa Australia, uzi laini, hauwashi. Somo lenyewe lilikuwa la kweli. Uzi wa merino wa nguo za ndani huwa na unene wa maikroni 17 hadi 19 hivi (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), unywele wa binadamu ni mnene mara tatu yake na zaidi, kwa hiyo unapogusa ngozi unapinda badala ya kuchoma kama sweta za sufu tulizovalishwa utotoni. Tukabishana mpaka koo likakauka, nikalipa elfu themanini.

Nikatoka pale na hasira zangu, nikapita soko la Memorial kutafuta soksi za mtumba. Kwenye rundo la kuchagua nikaona fulana nyembamba ya kijivu, lebo imekatwa kwa mkasi, tumboni ina vitundu viwili. Mama mwenye meza hakutaka hata kuisifia.

"Hiyo imeliwa, kaka yangu. Nipe elfu tatu ukalalie."

Nikampa. Niliinunua nikalalie kweli.

Siku ya kwanza mpaka Mandara, kambi ya kwanza, sina la kuisimulia: msitu, mvua, mbega juu ya miti, bisi na chai tulipofika. Tulitokea lango la Marangu, njia yenye vibanda vya kulala, na vibanda ndivyo vilivyonifichua. Ile fulana ya elfu themanini ililowa jasho siku ya kwanza tu. Tulipofika Horombo, kambi ya pili, mita 3,720, mwenzangu wa kitanda cha juu, kijana wa benki mwenye adabu zake, aliuliza kama kuna panya amekufa chini ya sakafu. Nikanyamaza. Alipozidi kuuliza nikaivua, nikavaa ile ya kulalia, nikaenda jikoni kuomba kamba na moto.

Jikoni Horombo ndiko kwenye joto na habari zote. Mpishi wetu, mzee ambaye wenzake walimwita Meku kwa heshima, alikuwa anakoroga supu. Akaipokea fulana nyeusi, akaisugua kwa vidole, akainusa mbele ya watu.

"Hii ulinunua bei gani, kijana?"

"Themanini, mzee."

Wagumu waliokaa kwenye ndoo zilizofunikwa wakaacha kula. Wagumu ndivyo wapagazi wa mlima huu wanavyojiita, na ukimwona mtu anapandisha kilo ishirini za mizigo ya watu kwenye vumbi lile hutalibishia jina.

Meku akatoa kisu, akachomoa uzi mmoja kwenye pindo, akaushika kwa koleo la kupindulia chapati, akaupeleka kwenye moto wa gesi. Uzi haukuungua, uliyeyuka. Ukajikunja, ukadondosha tone jeusi, lilipopoa likawa punje ngumu. Akaniwekea kiganjani. "Plastiki," alisema.

Kisha akaniangalia tumboni, kwenye vile vitundu. "Na hiyo?"

Nikamwambia ni mtumba wa elfu tatu, nguo ya kulalia. Hakuniomba ruhusa. Akavuta kiuzi ukingoni mwa kitundu kimoja, akakichoma. Kikawaka kwa shida, kikazima chenyewe, na jiko zima likajaa ile harufu ya kichwa cha mbuzi kinapobabuliwa. Alipobinya kile kilichobaki kikawa majivu.

"Hii ndiyo sufu. Wewe ulidhani nani ameitoboa? Nondo. Nondo hawali plastiki."

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa supu. Nilikasirika, halafu nikacheka nao, kwa sababu wapo walioonewa zaidi yangu: walikuwa na hadithi ya mgeni aliyenunua "merino" seti nzima. Mgumu mmoja akafungua zipu ya koti lake kunionyesha fulana yake, imetiwa viraka vya uzi mwekundu kwenye viwiko vyote. Aliachiwa na mteja wa New Zealand miaka mingi nyuma na bado anapanda nayo. Aliniambia haifui kwa maji ya moto wala haisugui, inasinyaa, na kwamba akiianika usiku mmoja tu kwenye upepo harufu inaondoka. Watu hawa wameachiwa nguo na wapandaji wa dunia nzima, wamezivaa, wamezilowesha, wamezichana. Swali la kitambaa ningewauliza wao kabla ya kuingia dukani.

Tusiionee poliesta, ndiyo hiyo plastiki yenyewe. Inakauka haraka kuliko sufu, ni imara, na kiongozi wetu mwenyewe alivaa fulana ya mbio za hisani ya poliesta tangu langoni. Wenzangu wa kukimbia Jumamosi Dar tunazo kabati zima, na wote tunajua zinavyonuka hata zikitoka kufuliwa, maana mafuta ya mwili yanang'ang'ania uzi wake. Ugomvi wangu ni bei, na yule kondoo kwenye lebo.

Usiku wa kilele niliondoka Kibo, kambi ya mwisho, na ile ya elfu tatu kwenye ngozi. Tulianza karibu na saa sita usiku, kichwa kinagonga, changarawe inakurudisha nyuma kila hatua. Nilitoka jasho, ndiyo, na kila tuliposimama nilingoja ule ubaridi wa kugandiwa na nguo mgongoni. Haukuja. Sufu inaweza kunywa mvuke wa jasho wa karibu theluthi ya uzito wake kabla hujaihisi imelowa, na inapounywa inatoa joto kidogo. Vidole viliganda kwa sababu glavu nazo zilikuwa za kukodi, mpira wa kunywea maji ukajaa barafu, kileleni Uhuru nilipiga picha nikiwa na midomo ya kijivu mita 5,895 juu ya bahari, lakini kifua na mgongo vilikuwa vikavu.

Kushuka ndiko nilikofikiria nyumbani. Mimi ni wa Makete. Julai kwetu majani yanaamka meupe kwa barafu, na tulikwenda shule na sweta za akriliki, nazo za uzi wa plastiki, moja kwa mwaka, tukifika zimelowa ukungu, tukirudi tunazikausha mekoni zikanuka moshi mpaka Desemba. Kondoo tulikuwa nao, wa kwetu hawa wenye nywele fupi kama mbuzi, ambao hakuna cha kunyoa. Na mitumba inapanda kutoka Makambako kila wiki. Ni fulana ngapi za aina hii zimepita mezani na kuishia kuwa vitambaa vya kushikia sufuria, kwa sababu zina vitundu?

Moshi nilirudi dukani na fulana nyeusi. Muuzaji akaigeuza, akaona pindo limechomolewa. "Kaka, umeiharibu mwenyewe, nikurudishie hela ya nini?" Akanipa kofia ya pole, nayo ya plastiki.

Nikampigia dada yangu anayeuza mitumba Makambako, nikamweleza: zile fulana nyembamba, laini, zilizoliwa, usizitupe, chomoa uzi uchome, ukisikia harufu ya nywele mwekee mama. Akaniuliza nani ananunua kitu kilicholiwa. Nikamwambia mimi.

Juzi amenipigia. Mama amepata ya kwake, kubwa kidogo, ya bluu, anaivaa chini ya kitenge. Na dada anataka nitume hela za belo karibu nzima, maana hakuelewa kwamba unachomwa uzi, siyo mkono wa nguo.