Nivute mkanda kabla hatujapanda

Zamani nilidhani kwenye kuruka na parachuti kinachotisha ni mlango wa ndege. Siku hizi macho yangu yako kwenye mkanda wa kifua.

Hapa Diani mwalimu alivaa hanesi kamili, ile mikanda ya mwilini inayobeba parachuti, akatuambia, "Haya, nikagueni." Tukamzunguka kama mafundi cherehani. Mikanda ya mapajani sawa, zile ringi tatu za kila bega za kuachia parachuti kuu sawa, vishikio viko mahali pake. Tukampitisha. Akaushika mkanda wa kifua kwa vidole viwili, akavuta kidogo, ukachomoka wote!

Ncha yake haikuzungushwa kwenye kile chuma cha bizimu kinachoubana. Ilichomekwa tu kwenye lastiki, na kwa mbele ilionekana safi kabisa. Parachuti ikifunguka hapo, hanesi inaweza kutanuka mabegani mtu akaponyoka.

Kuna wanaobishania upana, wa inchi 1 au ule wa karibu inchi 2. Ubishi wa bure, maana ukipitishwa vibaya hata ule mpana ni pambo. Wazoefu nao huulegeza parachuti ikishafunguka vizuri, ili itandazike zaidi wakati wa kuielekeza. Huulegeza, hawaufungui. Wanafunzi wenzangu, hilo tuwaachie wao kwanza.

Tunakagua kabla ya kuvaa, kabla ya kupanda ndege na kabla ya mlango kufunguliwa. Mwenzangu mmoja kaniuliza kama simwamini ninapouvuta wa kwake. Simwamini, kaka, na wangu pia nauvutisha.